Sakafu ya mbao Tanga: chagua kiini, pima maji, vanishi ije mwisho

Mwaka 2011, wiki ya pili ya masika, simu yangu ililia saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa mama mmoja mstaafu wa Raskazone ambaye miezi mitatu nyuma nilimtandikia sebule mbao za mninga. Nikamwamkia, akanikatiza: "Marahaba mwanangu, lakini njoo uione sakafu yako." Nilipofika nilikuta mbao za katikati zimeinuka, zimefanya kilima cha kufika kifundo cha mguu. Meza ilikuwa imelala upande. Mninga ule ulikuwa mzuri, na vanishi yangu bado ilikuwa inang'aa kama siku niliyoipaka. Kosa lilikuwa langu: nilizitandika Januari, jua la kaskazi likiwa kali, nikazibana hadi zikagusa ukuta pande zote nne, wala sikupima maji yaliyomo ndani ya mbao. Masika ilipoingia mbao zilivimba, na zilipokosa pa kwenda zikaenda juu. Niling'oa yote, nikairudia kwa gharama yangu.

Tangu siku hiyo, mtu akija karakana yangu hapa Makorora na picha ya sakafu aliyoipenda kwenye simu, mimi humwuliza kwanza habari za unyevu wa nyumba yake. Rangi tutaizungumza baadaye. Hapa Tanga tunakaa na bahari, na mbao haiachi kunywa na kutoa unyevu hata ikikatwa miaka hamsini.

Anza na zege, siyo na mbao

Zege jipya lina maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Hesabu ya kawaida ni karibu mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo zege la sentimita 10 linataka miezi minne, na masika ikikatiza hapo katikati ongeza. Nyumba za zamani, kama nyingi za Ngamiani, zina shida nyingine: chini ya sakafu hakukuwekwa nailoni, na maji ya ardhini hupanda taratibu mwaka mzima.

Kipimo chake ni rahisi. Kata nailoni ya mraba wa sentimita 45 kwa 45, ibandike chini kwa selotepu pana pande zote nne pasipite hewa, iache siku nzima, usiku na mchana. Kesho yake ifunue. Ukikuta matone upande wa chini, au zege limekoza rangi pale ilipofunikwa, bado. Fanya hivyo sehemu tatu za chumba, na mojawapo iwe karibu na ukuta unaopakana na bafu. Nimeshakuta chumba kikavu kote isipokuwa kona moja, na kona hiyo ikatuonyesha bomba lililokuwa linavuja ndani ya ukuta bila mtu kujua.

Pitisha pia ubao ulionyooka wa mita mbili juu ya zege. Pengo likizidi milimita 3 chini yake, rekebisha kwa saruji kabla ya jambo lolote. Mbao haifichi bonde, italia kila ukipita.

Miti minne

Hapa kwetu mtu mwenye nia ya sakafu ya mbao ngumu kwa kawaida huchagua kati ya mninga, mkongo, mvule na msaji, ambao wengi tunauita mtiki.

Mninga ndio kipenzi cha mafundi. Ukiukata mti mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu, lakini mbao yake ni ya kahawia, mara nyepesi kama asali, mara nzito kama kahawa. Sifa yake kubwa kwa sakafu ni kwamba hausinyai sana wala hauvimbi sana ukilinganisha na miti mingine ya ugumu wake. Mingi inayofika Tanga imetoka bara, Tabora na Katavi. Uliniinukia kule Raskazone, na hiyo isikutishe, maana hata mbao tulivu kuliko zote haiwezi kuishi bila nafasi ya kupumua.

Mkongo, ambao wazee wa pwani huuita mbambakofi, ndio mgumu kuliko yote minne. Mbegu zake unazijua: nyeusi, zina kofia nyekundu, watoto hutungia shanga. Kwa nyumba yenye watu wengi na viti vinavyoburutwa, mkongo ndio wangu wa kwanza. Lakini una rangi ya njano ndani yake ambayo hutoka ikipata maji. Weka kitambaa cheupe kilicholowa juu ya ubao mbichi wa mkongo usiku mmoja, asubuhi utakikuta na madoa ya manjano. Sasa fikiria kanga au msala mweupe ulioanguka juu ya sakafu isiyofungwa vizuri. Mkongo lazima ufungwe kwa vanishi kila upande unaoonekana, hata kingo zilizo kando ya mlango.

Mvule huanza na umanjano, kisha mwanga wa miezi michache huugeuza kahawia. Kwa hiyo usitandike mkeka katika nusu mwaka wa kwanza. Ukiutandika, siku utakapouinua utakuta mraba mweupe umechorwa sakafuni. Na ndani ya mvule mara nyingine mna vijiwe, chokaa iliyoganda ndani ya mti, ambavyo humaliza meno ya msumeno. Vumbi lake linakera mno kifua na macho. Fundi asiyevaa barakoa akipasua mvule atakohoa wiki nzima.

Msaji tunao jirani. Shamba la miti la Longuza, Muheza, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ni la misaji iliyopandwa kwa mkono, inayovunwa na kupandwa tena. Mwaka 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliingiza jamii za mninga na mkongo za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa, kwa sababu miti hii inakatwa kwa kasi msituni. Mimi nina watoto wanaojifunza useremala kwangu, na ningependa nao waukute mninga. Ndiyo maana mteja asiye na mti wake moyoni mimi humwelekeza kwanza kwenye msaji wa Muheza.

Kwa mti wowote, dai hati ya usafirishaji, angalia alama ya nyundo ya TFS, na chukua risiti. Mbao za magendo ni za bei nafuu hadi siku zinapokamatwa zikiwa kwenye gari ulilolikodi wewe.

Kiini

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoibiwa mchana kweupe. Ubao una sehemu mbili: kiini, chenye rangi ya mti wenyewe, na weupe ulio karibu na gome. Kiini cha miti hii minne kinastahimili mchwa na kuoza. Weupe wake haustahimili, hata uwe wa mkongo. Dumuzi huingia kwenye weupe, hula kimyakimya, na unagundua siku unapokuta vumbi laini kama unga wa ngano limejipanga sakafuni.

Msaji uliovunwa ukiwa mdogo una weupe mwingi. Kwa hiyo mimi hupindua kila ubao, naangalia uso, mgongo na kingo zote mbili. Wauzaji wengine huupaka ubao mafuta machafu ili weupe na kiini vifanane. Chukua kipande cha msasa mfukoni, sugua kwenye pembe, rangi ya kweli itatoka.

Ukimaliza hapo, tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Mistari ikisimama wima kutoka uso mmoja hadi wa pili, ubao huo utatulia. Ikilala na kupinda kama upinde, utajikunja kiasi. Huwezi kupata zote za wima, ila zile za upinde zipeleke chini ya makabati.

Juu ya upana, nashauri inchi nne. Ubao wa inchi nane unapendeza kwenye picha, lakini mapengo yake wakati wa ukame ni maradufu.

Kiasi cha kununua: ubao wa inchi nne ukirandwa na kutolewa ulimi, ule ukingo unaochomekwa kwenye mfereji wa ubao wa jirani, hubaki na uso wa milimita 85 hivi. Wa futi 12, yaani mita 3.66, utafunika mita za mraba 0.31. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20, kwa hiyo mbao 65. Ongeza asilimia 15 ya vipande na zile zitakazokataliwa, nunua 75.

Kupima maji

Muuzaji atakwambia mbao ni kavu. Atagonga kwa kidole, italia "ko", atasema sikia. Usitie pesa kwenye mlio.

Kipima unyevu cha betri ni kizuri ukiwa nacho. Usipokuwa nacho, mizani ya jikoni inayosoma gramu pamoja na oveni vinatosha, na jibu lake ni la kuaminika zaidi. Kata kipande cha urefu wa kiganja kutoka katikati ya ubao, angalau sentimita 40 kutoka kichwani, kwa sababu vichwa hukauka kwanza na vitakudanganya. Kipime hapohapo. Kisha kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi, ukitoe na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito ukome kushuka. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa mwanzo, jibu ligawe kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa mia.

Mwaka 2019 nililetewa msaji ulioitwa mkavu kabisa. Kipande kilikuwa gramu 372. Kilipotoka oveni mara ya mwisho kilikuwa 300. Gramu 72 za maji juu ya 300 ni asilimia 24. Ubao wa namna hiyo ukitandikwa utasinyaa hadi uingize ncha ya kisu katikati. Nikazipanga mbao zote bandani, si juani, juu ya vijiti vya inchi moja kila nusu mita, vijiti vikifuatana wima kutoka chini hadi juu, na vichwa vya mbao nikavipaka rangi ya mafuta visipasuke. Baada ya miezi mitano nilikata kipande kingine: 325, kikaenda 285. Gramu 40 juu ya 285, asilimia 14.

Kwa Tanga, kati ya 12 na 14 ndipo pa kutandikia, kwa nyumba inayofunguliwa madirisha. Nyumba ya kiyoyozi cha kutwa hewa yake ni kavu zaidi, hapo shuka hadi 10 au 11. Na kama sebule ina kiyoyozi lakini ukumbi hauna, usiziunganishe mbao zao mlangoni. Acha pengo, lifunike kwa kizingiti chembamba.

Mbao zikishafaa zilete ndani ya chumba chenyewe, zipange tena juu ya vijiti, zikae wiki mbili. Plasta na rangi za ukuta ziwe zimekwisha kukauka.

Kutandika

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kazi hii utampa fundi, na wewe utasimama kuangalia mambo machache. Nailoni nzito nyeusi itandazwe juu ya zege, maungio yake yapandane sentimita 20. Juu yake mbao za mbili kwa mbili za paini zilizotiwa dawa, kila sentimita 40. Paini ya Shume, Lushoto, inafaa, ila hakikisha dawa ya mchwa imeingia na siyo rangi ya kijani iliyopakwa juujuu. Misumari ipigwe kwa mshazari kupitia ulimi, isionekane.

La kusimamia bila huruma ni nafasi. Chumba cha upana wa mita 4, mbao zikivimba asilimia moja tu ya upana wake, ni sentimita 4. Ndicho kilima cha Raskazone. Kwa hiyo acha milimita 15 kila upande wa ukuta, zitafunikwa na skating, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Na kila mstari wa tatu, chomeka kadi ya benki kati ya mbao mbili kabla ya kupigilia, kisha ichomoe. Kadi ina unene wa karibu milimita 0.8. Mistari 47 ya chumba hicho itakupa kadi 15, yaani milimita 12, na ukijumlisha na za ukutani umepata 42. Mapengo ya kadi hayaonekani ukiwa umesimama. Skating ipigiliwe ukutani, isipigiliwe sakafuni.

Msasa

Mashine ya kukodi ya kupiga msasa sakafu inaokoa mgongo, lakini ukiisimamisha mahali pamoja huku inazunguka itachimba shimo, na shimo hilo utaliona kila jioni taa ikiwaka. Iteremshe ukiwa tayari unatembea. Anza na namba 40 au 60, uende 80, umalize na 120, kila mara kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 40 ambayo 80 haikuifuta itajitokeza siku ya vanishi, ikiwa imechelewa.

Vumbi la namba 120 la sakafu yenyewe lihifadhi kwenye kopo. Changanya na gundi ya mbao kidogo, ndiyo dawa ya matundu na nyufa ndogo, rangi itafanana.

Ukimaliza, zima feni, funga madirisha, ondoka uende ukaswali au ukale, urudi baada ya saa mbili. Vumbi lililokuwa hewani litakuwa limeshuka. Fagia tena, pitisha kitambaa chenye unyevu mdogo, piga goti na uitazame sakafu kwa mshazari dhidi ya mwanga wa dirisha. Hapo utaona yote.

Kupaka

Karakana nyingi hupaka samani kwa vanishi ya kukauka haraka inayochanganywa na thina. Kwa kabati ni sawa. Kwa sakafu hapana, ni dhaifu kwa miguu, hupasuka kama ganda la yai. Tena ukiipaka siku yenye unyevu hugeuka nyeupe kama ukungu wa kioo, na Tanga siku za unyevu ni nyingi.

Tumia vanishi ya sakafu iitwayo poliurethani. Ya mafuta huipa mbao wekundu wa joto na inavumilia makosa ya mkono. Ya maji haina harufu kali na haibadilishi rangi sana, ila inakauka upesi, mkono uwe mwepesi. Mimi ni mtu wa ya mafuta.

Msaji na mvule zina mafuta na utomvu wake wenyewe unaozuia vanishi kushika na kukauka. Nimewahi kuona sakafu ya mvule inayonata siku ya tisa. Futa mbao kwa kitambaa cheupe chenye thina, badilisha kitambaa kinapochafuka, na upake mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ndani ya saa ileile kabla mafuta hayajapanda tena. Kwa mvule mkaidi, kwanza mkono mwembamba wa shelaki (vanishi ya utomvu wa wadudu) iliyotolewa nta, kisha poliurethani. Jaribu kila kitu kwenye kipande kilichobaki, siyo kwenye sebule.

Saa yangu ni saa nne asubuhi, umande umekwisha na upepo wa bahari haujashika nguvu. Masika sipaki. Mkono wa kwanza wa poliurethani ya mafuta uzimue kwa thina ya rangi za mafuta (white spirit) asilimia 10 ili uzame. Koroga, usitikise, povu litabaki sakafuni. Anza kona ya mbali na mlango, mbao tatu au nne kwa wakati, toka mwanzo hadi mwisho wa ubao bila kusimama katikati. Acha saa 24, na kama msasa bado unajaa uji badala ya kutoa unga mweupe, acha nyingine 24. Pitisha namba 220 kwa mkono mwepesi, futa, paka wa pili, kisha wa tatu. Mikono mitatu myembamba inashinda miwili minene. Kutembea na soksi baada ya siku moja, fanicha baada ya wiki, mazulia na mikeka baada ya mwezi, isipokuwa mvule, ambao husubiri nusu mwaka.

Anayependa sakafu isiyong'aa atumie mafuta ya kitani yaliyochemshwa (dukani huitwa boiled linseed oil, usichemshe mwenyewe), kisha nta ya nyuki. Ni nzuri kwa mguu mtupu, lakini utairudia kila mwaka. Mafuta ya nazi usiyapake, ingawa utashauriwa: hayakauki kamwe, yanakamata vumbi na kunuka.

Na matambara ya mafuta ya kitani usiyarundike. Kijana wangu aliyatupa kwenye ndoo yenye maranda tukaenda kula. Niliporudi nilisikia harufu kama ya mkate unaoungua, nikatia mkono: katikati palikuwa moto kiasi cha kuurudisha mkono, na moshi ukaanza kutoka tulipoyachambua. Hakuna aliyewasha kiberiti. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea huwasha. Yaanike kwenye kamba nje, moja moja, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Kuishi nayo

Adui wa kila siku ni mchanga unaotoka nje na miguu, ambao kazi yake ni ileile ya msasa. Weka tandiko mlangoni. Fagia kwa ufagio laini. Usideki kwa ndoo ya maji kama sakafu ya saruji. Kitambaa kilichokamuliwa hadi kisitone kinatosha. Chini ya mbuzi ya nazi weka kipande cha zulia, maana yule anayekaa juu yake huisukuma kwa kila kifuu.

Mara moja kwa mwaka dondosha tone la maji pale watu wanapopita zaidi. Likibaki limesimama kama shanga, vanishi ni nzima. Likizama na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, vanishi imekwisha lakini mbao bado haijaumia: pitisha 220, paka mkono mmoja. Sebule ile ya Raskazone nimeipaka hivyo mara mbili tangu niitandike upya, na kila masika ikianza hupita pale kutia kadi kwenye mapengo kuona zimevimba kiasi gani.